Mwalimu Afunzwaye Kazini
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa jumuiya, Luzira)



Nimeombwa na kamati niseme machache juu ya jambo la walimu wetu wasio na vyeti, na njia za kuwapatia ujuzi pasipo kuwatoa darasani. Nitasema kwa Kiswahili, kwani katika Luzira yetu hii, baina ya gati la Port Bell na kambi za askari wa magereza, lugha hii ndiyo iliyowakusanya watu wa kabila nyingi tangu zamani, na wazee wetu wengi waliijua hata kabla hawajajua kusoma kwa herufi za Kizungu.

Jambo lenyewe mwalijua. Katika madrasa zetu na shule zetu za nasari wako vijana, na wengi wao ni mabinti, ambao wamefundisha watoto wetu miaka mitatu, minne, wengine zaidi. Watoto wawapenda, wazazi wawaamini. Lakini mbele ya sheria hawana jina. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 imeweka shabaha kwamba kila mwalimu wa Uganda, hata yule wa watoto wadogo kabisa, awe na digrii. Ile daraja ya tatu tuliyoizoea, miaka miwili chuoni baada ya kidato cha nne, haihesabiwi tena kuwa ndiyo mlango wa kazi. Basi binti aliyeishia kidato cha nne, asiye na hata cheti hicho, amebaki mbali na mlango huo. Hilo ndilo lililotukusanya leo.

Wako wasemao kwamba kumfunza mtu ualimu akiwa kazini ni njia ya mkato, tena ni jambo jipya. Upya hapana. Katika vyuo vyetu vya Kurani vya pwani, ambako ndiko dini na kalamu vilikotoka vikaja hata huku bara, mwanafunzi aliyekwisha kuhitimu hakuambiwa aende zake. Aliwekwa karibu na mwalimu, akaitwa khalifa, akapewa watoto wa alifu-be-te. Asubuhi alisikiliza wadogo, alasiri alisoma kwa mwalimu wake. Alijifunza jinsi ya kumsahihisha mtoto kwa kusikia mwalimu wake akisahihisha, na kwa kusahihishwa yeye mwenyewe. Hapana shaka alijifunza na fimbo pia, na hapo ndipo uanagenzi unapokuwa na hatari: mwanagenzi hurithi kila alichonacho fundi wake, kizuri na kibaya. Mwenye fundi mbovu atakuwa mbovu.

Waingereza nao walipita njia hiyo. Mwaka 1846 serikali yao iliweka utaratibu wa watoto wa umri wa miaka 13 kufungwa kwa mkataba wa miaka mitano chini ya mwalimu mkuu. Walifundisha mchana, wakasomeshwa na mkuu wao nje ya saa za shule, na kila mwaka mkaguzi akaja kuwatahini. Utaratibu ule ulikufa mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwa watoto wale walichoka mno, na shule nyingi ziliwafanya vibarua wa bei nafuu. Na ajabu ya mambo, tangu mwaka 2018 nchi ile ile imeurudisha uanagenzi wa ualimu, safari hii kwa watu wazima waliokwisha kupata digrii, nao hulipwa mshahara huku wakijifunza.

Lakini kwa nini twende Ulaya? Jirani zetu wa Tanzania walilifanya jambo hili kwa ukubwa ambao haujaonekana mahali pengi. Mwezi wa Novemba 1974 chama cha TANU kilikutana Musoma, ng'ambo ya ziwa letu hili, kikaamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote isingoje mwaka 1989 bali ifike mwaka 1977. Walimu wa kutosha hawakuwako, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa miaka mitatu. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa katika shule za karibu na kwao. Kila siku walifundisha saa chache, na saa nyingine walisomeshwa wao. Waliletewa masomo kwa barua, wakasikiliza vipindi vya redio, wakatembelewa na waratibu wa elimu wa kata, na mwisho wakaingia chuoni kwa majuma machache kabla ya mtihani. Walioandikishwa walipita 45,000, na walio wengi wao walipata cheti.

Wako wanaowacheka walimu wale hata leo, wakiwaita wa darasa la saba. Mimi siwacheki. Pasipo wao, maelfu ya vijiji visingekuwa na mtu wa kusimama mbele ya ubao. Walakini yafaa tuseme kweli: pale ambapo mratibu alifika na mwalimu mkuu alijali, kijana alitoka mwalimu, pale ambapo barua zilichelewa na mkuu wa shule alimwachia kijana darasa la watoto wengi akaenda shambani, kijana alijifunza tu kunakili maneno ubaoni.

Hapa Uganda nasi tumeonja. Baada ya 1993 wizara ilianza utaratibu wa kuvifanya vyuo vikubwa vya ualimu kuwa shina, na kuweka vituo vidogo zaidi ya 500 katika nchi nzima, kila kituo na mkufunzi wake wa kuzizungukia shule. Walimu wasiofuzu walisoma vitabu vyao wakiwa kazini na kukutana wakati wa likizo. Ilikuwa bahati kwamba jambo hilo lilikwisha kuanza, maana mwaka 1997 elimu ya msingi ilipofanywa bure, watoto waliruka kutoka kama milioni 3 hata kupita milioni 5. Na hapo Kyambogo, mwendo mfupi tu kutoka hapa tulipo, kilima ambacho chuo cha ualimu cha serikali kilihamishiwa mwaka 1948, walimu wa daraja la tatu wamekuwa wakijipandisha hadi diploma kwa kusoma katika likizo.

Sasa nije kwenye mfano ambao nataka muusikilize kwa makini, kwa kuwa ni wa Waislamu wenyewe, tena ni wa watoto wadogo kama hawa wetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walitazama watoto wao wakaona jambo la kuumiza. Watoto walikwenda chuoni wakahifadhi sura, lakini walipofika darasa la kwanza walikuwa nyuma ya wenzao waliopitia nasari. Wazazi wengine walilazimika kuchagua moja: dini au shule. Wazee wakamwendea Aga Khan kuomba msaada, na mwaka 1986 shule ya kwanza ya mfano ikafunguliwa Mombasa, mlezi wa kazi hiyo akiwa Bi Swafiya Said, mwalimu wa pale pale. Mwaka 1990 jambo lilifika Unguja, na mwaka 1993 likafika Uganda. Baadaye shule hizo zilipita 200 katika nchi tatu.

Walimu walitoka wapi? Hawakuletwa kutoka vyuoni. Kila mtaa uliambiwa uchague wanawake wake wenyewe, wengi wao wasio na masomo makubwa. Mtaa uliweka sahihi mkataba: sisi tutatoa chumba, tutaunda kamati yenye wanawake ndani yake, tutasimamia ada. Kituo nacho kiliahidi mafunzo. Binti alisomeshwa kwanza kituoni, kisha akarudi mtaani akaanza kufundisha, na mkufunzi akamfuata hadi darasani mwake. Mkufunzi hakuja kama mkaguzi wa kuandika makosa na kuondoka. Aliketi, akatazama, akafundisha mbele ya binti, kisha akamwachia binti afundishe yeye akitazama, na baadaye wakazungumza. Hivyo kwa muda wa kama miaka miwili, mpaka binti akasimama peke yake.

Vifaa vilikuwa vya hapa hapa: vifuu vya nazi, vizibo vya soda, vibuyu, mbegu, vipande vya kanga. Mtoto alihesabu vizibo, akaimba, akacheza, akasoma sura yake, akaomba dua kabla ya uji. Wataalamu waliofuatia watoto wale waliandika kwamba walikwenda mbele zaidi katika akili na lugha kuliko wenzao wasiopitia shule yoyote ya awali. Na mabinti wengi ambao hawakuwahi kusimama mbele ya kadamnasi walikuja kuendesha mikutano ya wazazi.

Sasa upande wa pili, maana sikuja hapa kusifu tu. Mshahara wa mabinti wale ulitoka katika ada ya wazazi, na wazazi maskini hawakulipa kwa wakati. Binti aliyekwisha kufunzwa vizuri alitafutwa na shule nyingine, akaenda. Mtaa ukabaki na vizibo vyake. Ndiyo maana baadaye ilibidi kuweka mifuko ya akiba, ili faida yake isaidie mishahara. Tatizo jingine ni la cheti: ujuzi wa binti ulionekana kwa macho, lakini ofisi za serikali hutaka karatasi inayotambuliwa na wizara.

Naona wengine mwanitazama kana kwamba nimesahau Luzira. Sikusahau. Wakitaja Luzira huko mjini hutaja gereza, nasi hukasirika kidogo. Lakini hata gereza lina la kutufunza. Ndani ya kuta zile muna shule ambamo wafungwa husomeshana kuanzia msingi hadi sekondari, na mitihani ya taifa hufanyiwa humo humo. Mwenye kujua hesabu humfundisha asiyejua, na wengi wamekuwa walimu kwa kufundisha, kwa kuwa hapana mwingine. Ikiwa mfungwa hakosi wa kumsomesha, sisi tulio huru tuna udhuru gani?

Basi rai yangu mbele ya jumuiya ni hii. Tusiwaache mabinti wetu wangoje mpaka mkaguzi aje kuwafukuza, wala tusiwadanganye kwamba miaka ya kufundisha peke yake itawafanya walimu. Miaka kumi ya kurudia kosa lile lile ni kosa la miaka kumi. Kila mmoja awekwe chini ya mwalimu mmoja mwenye cheti, aliyekubali kazi hiyo na kulipwa posho kwa ajili yake, naye amtazame akifundisha walau mara moja kila juma. Saa za binti zipunguzwe apate kusoma; asifundishe asubuhi nasari, alasiri madrasa, kisha usiku tumwambie ajitayarishe kwa mtihani. Aliyekosa kidato cha sita asaidiwe akifanye kwanza, kwa kuwa chuo kikuu hakimpokei mtu kwa uzuri wa tabia. Na masomo atakayoandikishwa yawe yanatambuliwa na wizara. Kamati iulize kwa maandishi kabla ya kulipa hata shilingi moja, kwani vyuo vya vichochoroni ni vingi na mihuri yao hung'aa.

Mzee mmoja aliniuliza juzi: je, tukimsomesha kisha akaolewa Jinja? Nikamjibu kwamba watoto wa Jinja nao ni watoto. Hata hivyo swali lake ni la haki, kwa kuwa fedha ni ya watu. Pawe na makubaliano ya maandishi: jumuiya ilipe nusu ya ada, na binti atumikie shule yetu miaka kadhaa baada ya kufuzu, kwa mshahara unaolipwa kila mwezi pasipo kuombwa. Sharti hilo la mwisho latuhusu sisi zaidi kuliko yeye. Wazee wetu waliojenga Kibuli walitoa ardhi na fedha ili Muislamu asome pasipo kubadili jina lake. Sisi twaombwa ada ya wasichana wachache.

Bwana Mwenyekiti, orodha ya walimu wetu wote wasio na cheti, pamoja na kiwango cha masomo ya kila mmoja, nimemkabidhi katibu. Naomba isomwe kabla ya kura, na wenyewe waliomo humo, walioketi pale nyuma upande wa akina mama, waruhusiwe kusema kwanza.