Macho Mekundu: Si Kila Jicho Linahitaji Antibiotiki

Mazungumzo ya kusomwa katika mikutano ya wazazi na kliniki za akina mama



Mwanzoni mwa mwaka wa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Dar es Salaam, na muda si muda ukawa Mombasa. Ulisababishwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Machakos haiko mbali na habari hiyo: abiria anayetoka Mombasa asubuhi hushuka Machakos Junction siku iyo hiyo.

Jicho lenye virusi hutoa majimaji mengi, huchoma kama lina mchanga, na mara nyingi huanza upande mmoja kisha likafuata la pili. Mgonjwa huenda pia ana mafua. Hupona lenyewe kwa wiki moja hadi mbili, wakati mwingine tatu. Jicho lenye bakteria hutoa usaha mzito wa manjano au kijani, na asubuhi kope huwa zimegandana. Hilo ndilo linaloweza kusaidiwa na matone ya antibiotiki au mafuta ya tetracycline. Lile linalowasha sana msimu wa vumbi, bila usaha, kwa kawaida ni mzio. Hata mhudumu mwenye uzoefu hukosea akitazama tu, sembuse jirani.

Na jirani ndiye tatizo. Chupa iliyobaki kwake mwaka jana hupitishwa nyumba hadi nyumba, ncha yake ikigusa jicho baada ya jicho. Matone yakishafunguliwa, mengi hayafai kutumiwa baada ya wiki nne. Tena baadhi ya chupa hizo zina steroidi ndani yake. Wekundu hupungua upesi, mwenyewe akafurahi, kumbe kama jicho lina kidonda au virusi vya malengelenge, steroidi inalimaliza polepole. Dawa ya aina hiyo haifai kununuliwa kwenye kemisti bila jicho kupimwa.

Kinachosaidia nyumbani ni kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na kitambaa chake. Taulo na mto visishirikiwe. Mikono ioshwe kwa sabuni, na pale ambapo maji ni ya kununua kwa mtungi, kopo lenye tundu la kuchirizisha maji linatosha. Mwanafunzi abaki nyumbani hadi macho yaache kutoa majimaji. Chumvi, majani ya chai na mkojo visitiwe machoni.

Mtu anayeumwa sana ndani ya jicho, asiyestahimili mwanga, anayeona ukungu, au aliyeumia jicho, asisubiri. Vivyo hivyo mtoto mwenye macho mekundu, homa na vipele, maana hiyo huenda ikawa surua.

Mtoto mchanga ni habari nyingine kabisa. Macho yake yakivimba na kutoa usaha katika mwezi wa kwanza, huenda aliambukizwa kisonono au klamidia wakati wa kuzaliwa. Kisonono kinaweza kutoboa kioo cha mbele cha jicho ndani ya siku chache, na mtoto akapofuka kabla hajamjua mama yake kwa sura. Hapa antibiotiki haina mjadala: ni siku hiyo hiyo, hospitalini, na kisonono hutibiwa kwa sindano, si kwa matone pekee. Mama na mwenzake hutibiwa pia, bila kulaumiana. Maziwa ya mama ni chakula bora, lakini hayatibu kisonono.

Ndiyo sababu mkunga humpaka mtoto mafuta ya tetracycline ya asilimia 1 machoni mara anapozaliwa. Aliyezaliwa nyumbani hukosa kinga hiyo. Apelekwe kwenye kituo cha afya kilicho karibu mara moja, hata kama macho yake yanaonekana safi. Kituo kikiona shida, kitamtuma Machakos Level 5.