Kiti cha Magurudumu Kisichotumika Tena

Leo tuzungumzie kile kiti cha magurudumu kilichobaki pembeni mwa nyumba baada ya nyanya kupona, au kuaga dunia. Kukitazama tu kunauma, na watoto wameshakifanya gari lao.

Mama, kitoe kwanza mahali watoto wanapocheza. Breki ikilegea mtelemkoni ni hatari, na vidole hunaswa kwenye spoku. Lakini usikimbilie kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kama mwenyewe amefariki, ongea kwanza na wazee wa boma, maana vitu vya marehemu vina utaratibu wake.

Jambo ninalokutana nalo sana ni kiti cha mtu mzima kupewa mtoto wa jirani aliyepooza. Nia ni njema, lakini mtoto huyo huteleza, mgongo hupinda, makalio hufanya vidonda. Yeye anahitaji kiti alichopimiwa.

Kikimfaa mtu mzima mwingine, kioshe kwa sabuni. Palipoingia damu au choo, paka jiki, kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, ngoja dakika 10, kisha suuza vizuri kwa sababu jiki hula chuma. Mto uliobonyea utupe. Breki na matairi, fundi wa jua kali atatengeneza.

Anayekipokea apimwe kwenye idara ya mazoezi ya viungo, kwa mfano hospitali ya Jaramogi, ambayo wengi bado tunaiita Russia. Ukikosa wa kumpa, ulizia hapo hapo.