Nani Kayapima Hayo Maji Unayovuta?

(Maongezi na wanafunzi wa sekondari)

Leo sikuja kumfokea mtu. Nimekuja tujiulize swali moja: serikali iyadhibiti kiasi gani yale maji yanayotiwa kwenye sigara ya umeme, ambayo wengi wenu mnaiita vepu?

Tuanze na kilichomo. Mara nyingi mna gliserini, propileni glikoli, vionjo vya matunda au pipi, na nikotini. Nikotini ni ileile ya kwenye sigara ya kawaida. Ndiyo inayomfanya mtu ashindwe kuacha, na ubongo wa kijana huizoea upesi kuliko wa mtu mzima. Tena ni sumu. Mtoto mdogo akiyanywa hayo maji anaweza kufa.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini dada, hivyo vionjo si tunavila kwenye keki?" Swali zuri! Jibu ni kwamba tumbo siyo mapafu. Chukua mfano wa vitamini E. Ukiila kwenye chakula, haina neno. Ukiipaka kwenye ngozi, poa tu. Lakini mwaka 2019 huko Marekani aina yake moja, asetati ya vitamini E, ilichanganywa kwenye maji ya vepu, hasa yale yenye bangi yaliyouzwa kwa magendo. Watu wakaanza kukohoa na kukosa pumzi. Hadi Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa hospitali au kufa. Waliokufa walikuwa 68. Wengi wa waliougua walikuwa vijana.

Je, nchi zimefanya nini? Jirani zetu Uganda, kwa sheria ya mwaka 2015, wamepiga marufuku sigara za umeme kabisa. Umoja wa Ulaya umeruhusu kwa masharti: nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita moja, chupa ya kujazia isizidi mililita 10, kifuniko kiwe kigumu kwa mtoto kufungua, na mtengenezaji aieleze serikali kilichomo miezi sita kabla ya kuuza. Kwetu Tanzania, sheria ya bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka 2003. Mwaka huohuo, mfamasia wa China aitwaye Hon Lik alikuwa ndiyo kwanza anabuni sigara ya umeme tunayoijua leo.

Wengine husema serikali isiingilie, kwa sababu vepu humsaidia mvutaji kuacha sigara. Ni kweli, Uingereza wahudumu wa afya huwashauri watu wazima wanaovuta sigara wahamie huko. Lakini hiyo ni hoja ya mtu mzima ambaye tayari anavuta. Wewe wa kidato cha pili ambaye hujawahi kuvuta, unaacha nini?

Mimi naona hivi. Marufuku ya kwenye karatasi haitoshi, maana yale maji ya Marekani yalipita uchochoroni, si dukani. Kuachia holela nako ni hatari. Serikali ifanye mambo manne: ipime kila kinachouzwa, na ikipime kwa ajili ya mapafu, si tumbo, iweke kikomo cha nikotini, idai kifuniko salama na maandishi ya onyo, na imwadhibu anayemuuzia mtu wa chini ya miaka 18.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona sumu imevishwa rangi za pipi na harufu ya embe, jiulize inamtafuta nani.

Sheria huchukua muda, jamani. Mapafu yako hayasubiri Bunge. Rafiki akikupa "onja kidogo tu", muulize: nani kayapima haya? Kama hajui, mrudishie. Na kama umeshaanza na unashindwa kuacha, usione aibu. Zungumza na mwalimu unayemwamini au nenda kituo cha afya. Haya, nani ana swali?