Gugumaji na Mitaro Yetu

Katika miaka ya 1880 Kabaka Mwanga aliamuru lichimbwe, si mbali na mlima wetu huu wa Lubaga, lile liitwalo mpaka leo Ziwa la Kabaka, akikusudia kuliunganisha kwa mfereji na ziwa kuu la Nyanza apate kwenda kwa mtumbwi toka jirani ya kasri yake. Mfereji haukutimia, nami nikimfikiria adui nitakayemtaja leo, naona ilikuwa heri.

Adui huyo ni gugumaji, asili yake bonde la Amazon, gugu ambalo watu walilichukua kote duniani kwa uzuri wa ua lake tu, hata mwaka 1989 likaonekana katika Nyanza upande wa Uganda. Ukitaka kulitambua kwa yakini, lishike mkononi: jani ni la mviringo, lang'aa, na kikonyo chake kimevimba, kipasue kikonyo hicho, utaona ndani vijumba vya hewa tupu, ndivyo vinavyolifanya lielee, mizizi ni myeusi yenye nyuzi nyingi, ua ni la urujuani hafifu, na petali ya juu ina doa la manjano.

Madhara yake yalidhihirika upesi, kwa kuwa liliziba bandari ya Port Bell, likatishia mitambo ya umeme ya Owen Falls, na chini ya kivuli chake wakastawi konokono wa kichocho. Mwishoni mwa 1995 wataalamu waliachia fukusi wadogo ambao funza wao hutoboa vikonyo, na kabla ya karne kwisha sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imezama, ijapokuwa wako wanaonasibisha ushindi huo pia na mvua na mawimbi ya El Niño. Lakini halikutokomea, maana mbegu zake hudumu topeni miaka mingi, na uchafu wa Kampala unaoteremka kwa mfereji wa Nakivubo ni chakula chake. Sioni faida ya kumsifu fukusi huku tunamlisha adui.

Basi nyinyi mnaolima majimbi kandokando ya Lubigi, ambako maji hushuka hadi mto Mayanja, mkiliona mtaroni ling'oeni na mizizi kabla halijachanua, mlianike mahali pa juu pasipofikiwa na mafuriko, wala msimwage dawa ya magugu katika maji yanayotekwa. Na aliyelipanda kwenye hodhi ya bustani yake kwa mapambo, namsihi alitoe wiki hii hii.