Masijala Ndani ya Mtambo

Wekeni madaftari tayari, lakini kwanza tusikilizane.

Leo tutasema habari za seva ya barua pepe, yaani kompyuta inayotunza barua za ofisi nzima. Wengi wenu mnaijua masijala: makabati ya mafaili, karani, na daftari la barua zinazoingia na kutoka. Seva hufanya kazi hiyo hiyo. Kila mfanyakazi ana sanduku lake, na anwani za wote zimo katika kitabu kimoja. Liko pia sanduku la idara, ambalo makarani kadhaa hulifungua kwa pamoja, ili mmoja akienda likizo barua zisilale. Na iko kalenda: ukitaka kumwita mkubwa mkutanoni, mtambo hukuonyesha saa aliyo na nafasi. Kampuni ya Microsoft ilianza kuuza programu ya namna hii, Exchange Server, mwaka 1996. Ziko na nyingine.

Je, kama seva ya huko iendako barua imezimika? Barua haipotei. Huwekwa kwenye foleni, na mtambo hujaribu tena na tena. Kanuni zinashauri usikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Tarishi gani angebisha hodi siku zote hizo!

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa watu wamepoteza fedha. Kanuni ya kupeleka barua hizi, ya mwaka 1982, haikumtaka mtu athibitishe jina lake. Ni kama bahasha: nyuma yake waweza kuandika jina la yeyote. Basi mwizi huandika jina la mkubwa wako na kusema, "Lipa leo, akaunti ni mpya." Seva iliyotengenezwa vizuri hukagua kama barua imetoka katika mtambo ulioruhusiwa kutumia jina hilo. Lakini mwizi akijiandikishia jina lake mwenyewe, linalofanana na la ofisi yenu ila herufi moja, ukaguzi huo hupita. Hapo mtambo hauna msaada mkubwa. Kinachotakiwa ni macho yako. Soma anwani herufi kwa herufi, hasa baada ya alama ya @. Kisha mpigie mkubwa simu kwa namba unayoijua wewe, si ile iliyo katika barua.

Haya, chukueni kalamu. Andikeni herufi ndogo m. Kando yake andikeni r na n, zikiwa zimebanana. Sasa sogezeni daftari mbali kidogo, mtazame.