Ngazi Saba za Mlango wa Kanisa



Katika Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, imo amri ambayo ni nadra kuisikia ikihubiriwa. Mwisraeli ajengaye nyumba mpya anaagizwa azungushe ukuta mdogo ukingoni mwa paa lake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Tufahamu kwamba mapaa ya nchi ile yalikuwa bapa, na watu walipanda juu yake kuanika mazao, kusali na kupunga upepo. La kustaajabisha ni hili: Torati haimwambii apandaye awe mwangalifu. Inamgeukia ajengaye.

Sisi tumezoea kinyume chake. Mtu akijikwaa, twamwambia atazame aendako. Mama akimwaga maji bombani, twasema ni mzembe; nani amelitazama bomba lenyewe, lilivyofungwa chini mno hata ndoo haiingii ila kwa kulazwa? Mwaka 1988 Mmarekani mmoja, Donald Norman, mtaalamu wa saikolojia, alichapisha kitabu juu ya vitu vya kila siku, na humo alizungumzia milango. Mlango uliobuniwa vema hauhitaji maandishi. Kibao bapa chatuambia tusukume. Mpini watuambia tuvute. Lakini mpini wa kuvutia ukiwekwa upande wa kusukuma, watu wazima wenye akili zao huhangaika pale mlangoni, kisha hujicheka kwa aibu, na kosa wala si lao.

Wenye umri wetu wanalikumbuka debe la mafuta ya taa lililogeuzwa chombo cha kutekea maji. Lilikuwa na kingo kali, tena halikuwa na pa kushika, mpaka watu walipojua kupigilia kipande cha mti katikati ya mdomo wake. Baadaye likaja dumu la plastiki la lita 20, lenye mpini na kifuniko. Asili yake ni dumu la chuma la petroli lililobuniwa kwa ajili ya jeshi la Ujerumani katika miaka ya 1930, likapewa mipini mitatu ili mtu mmoja aweze kulibeba, au wawili walishike pamoja. Lilikuwa chombo cha vita, lakini aliyelibuni aliuwaza mkono wa mbebaji. (Hata hivyo lita 20 za maji ni kilo 20, na mpini mzuri haufupishi njia ya kisimani. Hayo tuyaache kwa Dominika nyingine.)

Sisi wenyewe hatukuuwaza mkono wa mtu. Tulipojenga kanisa katika kigango kimoja tulichokihudumia, tulitaka lionekane toka mbali. Tukaliinua juu ya msingi mrefu, tukaweka ngazi saba mbele ya mlango, bila kitu cha kushikia. Tulisema fedha haitoshi, ingawa ilitosha kupaka rangi mnara. Haukupita muda, mzee mmoja, aliyekuwa katekista miaka mingi na kuwafundisha karibu nusu ya waamini wale, akaacha kuja Misa. Tulipouliza, tukaambiwa amepoa, nasi tukasadiki. Tena, ni aibu kukiri, Dominika moja tulihubiri juu ya wale wanaopoa uzeeni, na kila mtu alijua tunamsema nani.

Wakati wa Kwaresima tulimtembelea. Tulimkuta barazani, rozari mkononi. Hakulalamika.

“Padre,” alisema, “kupanda najikokota, nafika. Kushuka ndiko kunakonishinda. Siku ile ya mwisho nilikaa ndani mpaka watu wote wakaondoka, nikashuka kwa kukaa, ngazi moja baada ya nyingine. Watoto niliowafundisha walikuwa wakichungulia. Sikutaka wanione hivyo tena.”

Tulimwomba radhi pale pale, na Dominika iliyofuata tukaomba radhi mbele ya waamini.

Kazi yote ilichukua siku mbili: mabomba ya chuma na saruji kidogo. Tuliagiza bomba la kushikia liwekwe kwa kimo cha kawaida. Fundi hakutujibu neno. Alimpeleka mzee ngazini, akamwomba asimame kama mtu anayeshuka, kisha akatia alama ya chaki pale kiganja chake kilipofikia.