Sarafu za Shaba Zinazotoka Mashambani
Mazungumzo ya Katibu kwa wanaushirika, ghalani



Mvua zikianza na majembe yakiingia kazini, sarafu za shaba hutoka ardhini huku kwetu Kilwa. Watoto wanazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zing'ae, halafu anapewa mchuuzi wa kwanza anayepita. Jambo hili linatupotezea mali ambayo hatutaipata tena, ndiyo maana nimeomba nafasi niliseme.

Kwanza tuzijue. Ukiona taji na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, hiyo ni heleri ya Wajerumani. Heleri zilianza kutolewa mwaka 1904, na 100 zilifanya rupia moja. Neno letu "hela" limetoka hapo. Yenye tai upande mmoja na herufi za Kiarabu upande wa pili ni pesa ya kampuni ya Kijerumani, ya miaka ya 1890 hadi 1892. Yenye mizani huenda ni ya Seyyid Barghash wa Unguja, mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Au ni ya Mombasa, ya kampuni ya Waingereza, mwaka 1888. Zote hizi ziligongwa kwa mashine, duara lake ni safi, na ziko nyingi. Mtu akikuambia heleri moja itakununulia trekta, mwulize mbona yeye hana trekta.

Sasa ziko nyingine. Ni ndogo, nyembamba, duara lake halikukaa sawa, na hazina maandishi ya Kizungu hata kidogo. Hizo ni za masultani wa Kilwa. Upande mmoja pana jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina kama shairi. Walimu wetu wa chuoni wanaweza kutusaidia kusoma: Ali bin al-Hasan, Daud bin al-Hasan, al-Hasan bin Sulaiman. Huyu wa mwisho ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Sarafu yake moja ilipatikana Great Zimbabwe, huko ndani kabisa ya bara. Wazee wetu walifanya biashara, si mchezo.

Lakini angalieni sana: sarafu ya sultani wa Kilwa haina mwaka. Geuza huku, geuza huku, hakuna. Mwaka wake uko katika udongo ilimolala: kina chake, na vigae na shanga zilizolala nayo. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wataalamu walichimbua sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za ukoo wa Fatimi. Dinari zile zina mwaka. Kwa kuwa zilikaa mahali pamoja, wataalamu waliweza kukadiria umri wa zile za fedha. Je, angekuja mtu usiku na sururu, akachukua dhahabu akatupa nyingine? Habari ingeishia hapo.

Na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za shaba za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Hakujua ni nini. Ila alitia alama katika ramani mahali alipoziokota, na mwaka 2013 watafiti waliifuata alama ile kwenda kutafuta zaidi. Alama moja tu ya kalamu!

Nije kwenye kusafisha, maana mama zangu hapa mnajua kung'arisha sufuria. Sarafu si sufuria. Shaba ikikaa ardhini hushika kutu ya kijani, na mara nyingi jina la sultani liko ndani ya kutu hiyo hiyo. Ukiitoa kwa ndimu, ukwaju, mchanga au maji ya betri, umelitoa na jina. Unabaki na kipande cha bati. Ya kale usiioshe kabisa. Pukuta udongo mkavu kwa unyoya wa kuku, basi. Heleri waweza kuiloweka katika maji ya mvua, si ya kisima chetu chenye chumvi, kisha uikaushe vizuri. Ukiona unga wa kijani kibichi unachomoza, ujue chumvi inaila. Itenge na nyingine, iweke pakavu.

Kuhusu kuuza: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Sarafu za masultani wa Kilwa zimo. Ukipata, toa taarifa kwa serikali ya kijiji, nasi tutaifikisha wilayani. Na kuchimba kwenye magofu au makaburi kwa kutafuta sarafu, hapana. Nasema hapana kwa vijana wetu, na kwa wazee wanaowatuma.

Tumefungua daftari. Andika shamba la nani, karibu na mti gani, jembe lilizama kiasi gani, palikuwa na vigae au hapana. Sisi wa darasa la jioni tumejifunza kuandika, kwa hiyo asiseme mtu hawezi. Daftari liko kwa mtunza ghala, na kalamu imefungwa hapo hapo kwa uzi.